Nzi wa Peris Warembo Kupita Kiasi

Na si mara ya kwanza kuambiwa hivyo. Jumapili iliyopita mzee alisema, Jumapili ya kabla yake alisema, na leo tena amesimama ukingoni na kifuniko cha themosi mkononi, chai ya tangawizi inafuka moshi, anarudia yale yale, ati nzi wa Peris ni warembo kupita kiasi. Sasa hilo nalo ni kosa? Mtu akikupikia chapati laini, unamrudishia umwambie azikaushe kidogo? Peris alikuwa ndani ya Mto Wandle, maji yanamfika magotini, gambuti la kushoto linavuja tangu Julai, na hasira imempanda mpaka masikio yamepata moto.

"Mzee Kuldip," akasema bila kugeuka, "mimi nimefunga nzi miaka mingi. Hakuna siku mtu alinirudishia nzi akasema amependeza sana."

"Mtu hapana rudisha," mzee akajibu, akanywa chai. "Samaki ndiyo narudisha."

Hapo Peris akarusha mshipi kwa hasira, na mshipi ukirushwa kwa hasira unajua utakapoenda. Ulienda ukanasa kwenye tawi upande wa pili. Wale kasuku wa kijani waliojaa London siku hizi wakaruka wakipiga kelele kama wanamcheka, na yeye akawatukana kwa Kiluhya, maana Kiingereza hakikutosha, na Kiswahili mzee angekielewa.

Tuelewane kwanza. Nzi tunaowasema hapa si wale wa jikoni. Ni ndoano ndogo, nyingine ndogo kuliko punje ya mchele, inavishwa uzi, manyoya ya ndege, nywele za sungura, mpaka ifanane na mdudu wa mtoni. Mvuvi anaitupa majini kwa fimbo nyembamba na mshipi mrefu, na trauti, yule samaki mwenye madoadoa anayependa maji baridi, akidanganyika anaibugia. Kwa samoni, binamu yake mkubwa, wanafunga nzi wakubwa zaidi, wa manyoya mekundu na ya manjano, kama watu wanaoenda harusini. Wazungu wana wazimu na huo mchezo. Na nzi hao wengi hawafungwi Ulaya. Wanafungwa Kenya, na wanawake kama Peris.

Peris alitoka Kawangware, Nairobi. Kiwanda kilikuwa nyumba moja ya mabati nyuma ya kituo cha petroli, na ndani mna meza ndefu, na kila mwanamke ana vaisi yake, kile kibano cha chuma kinachoshika ndoano. Peris alikaa meza ya dirishani. Meza hiyo ilikuwa na kelele kuliko soko. Walifunga nzi tangu asubuhi mpaka jicho linawasha, wakisengenyana, wakiimba nyimbo za kanisa kwa maneno yasiyo ya kanisa, na wakibishana juu ya jambo moja lisiloisha: hivi vitu kweli vinashika samaki?

Kwa sababu hakuna aliyewahi kuona. Hapo ndipo pa kuchoma roho. Unafunga nzi mwaka mzima, unafunga mwaka wa pili, kidole kinaota sugu, na hujawahi kuona trauti hata mkia. Katoni zinafungwa, zinabebwa uwanja wa ndege, kwisha. Supavaiza alipoulizwa alisema wazungu wanazitumia, basi. Wengine mezani waliamini. Wengine walisema ni mapambo ya kofia. Na Kwamboka, yule Mkisii mwenye mdomo kuliko wote, alisema hakuna samaki mjinga hivyo duniani, kwamba samaki wa Kisumu angemtazama nzi wa manyoya na kumuuliza kama amepotea njia ya saluni.

Huyo Kwamboka alikuwa na shida yake. Mkono wake ulikuwa mzito. Nzi wake walitoka manyoya yamesimama huku na huku kama mtu aliyeamshwa kwa moto, na supavaiza, ambaye alikuwa na miwani mbili, moja ya kuonea na moja ya kudharaulia, aliwashika kwa kibano, akawageuza, akawageuza tena, akawadondosha kwenye mkebe wa Blue Band uliokuwa wa takataka. Mezani wakawaita nzi hao "Kwamboka". Ukikosea kidogo, jirani anakwambia umezaa Kwamboka. Mwishowe akaondolewa mezani akapelekwa kupaki katoni. Alicheka na wenzake, lakini alipobeba kiti chake hakuangalia mtu.

Peris yeye nzi wake hawakuwahi kuingia mkebeni. Yeye ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo uzi wake ulizunguka kinyume na wa wote, lakini ulizunguka safi, umebana, kichwa kinang'aa kwa vanishi kama kiatu cha mwanajeshi. Hata supavaiza alimwonyesha wageni. Huyo ndiye Peris, na kama humpendi mtu mwenye maringo, basi mapema uache kusoma.

London alikuja kwa kazi ya kutunza wazee. Alipata nafasi kwenye makao ya wazee karibu na Stratford, na chumba Tottenham kwenye fleti ya ghorofa ya juu anayoishi na Célestine, mama Mkongo kutoka Bukavu anayesafisha maofisi alfajiri na kuimba kwaya Jumapili. Kazi ya wazee Peris aliiweza. Alikuwa mkali, lakini wazee walimpenda, kwa sababu alikuwa mkali kwa wakubwa wake kuliko kwao. Nzi alikuwa ameshawasahau, mpaka siku moja Februari alipotumwa kushika zamu kwenye makao mengine kule Wembley.

Alipanda treni ya Jubilee pale Stratford. Mbele yake akaketi mzee Kalasinga, kilemba cha buluu, koti zito, magoti yanalia akikaa. Na kwenye kola ya koti, nzi wa samoni. Mwekundu, manjano, mkia mweusi. Peris alimtazama huyo nzi kituo cha kwanza, akamtazama kituo cha pili, akasogea mbele kama anataka kumbusu mzee kifuani. Uzi umezunguka kinyume. Kichwa kinang'aa.

"Huyo ni wangu," akasema kwa Kiswahili, bila kufikiri.

Mtu mwingine angepiga kengele ya hatari. Mzee alitazama kola yake, akamtazama huyu msichana, halafu akamwuliza kwa Kiswahili kigumu kama mbao: "Wewe natoka Kenya upande gani?"

Kumbe Kuldip Singh alizaliwa Kericho. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kupasua mbao kando ya mashamba ya chai, na mto ulipita hapo chini, baridi kama barafu, umejaa trauti walioletwa na Wazungu. Kuldip aliwavua akiwa na kaptula, kwa mwanzi na minyoo, akijificha, maana mto ulikuwa wa wakubwa. Alipokuwa mtu mzima akajifunza kuvua kwa nzi kama inavyotakiwa. London alifungua duka la makufuli, akastaafu, mke akafariki, sasa anaishi Stanmore na binti yake Jaswinder. Kile Kiswahili cha kupasulia mbao hakijamtoka hata kidogo. Yule nzi wa samoni alimnunua duka la vifaa vya uvuvi, na hajawahi kumtia majini kwa sababu, kama alivyosema, huyu nakaa kama bwana arusi, mimi naona huruma.

Peris alipitiliza Wembley. Alichelewa kazini, akapigiwa kelele, akapiga kelele zaidi. Lakini aliposhuka alikuwa na namba ya simu ya mzee, na usiku huo akaandika kwenye grupu ya WhatsApp ya wenzake wa zamani, inayoitwa Meza ya Dirishani, kwamba amekutana na nzi wake akitembea London kifuani mwa mtu.

Grupu ikawaka. Wengine walituma vigelegele. Kwamboka akatuma sauti, fupi: "Si nilisema ni mapambo? Amemvaa kwenye koti."

Unaona mambo hayo. Peris alijibu bila kuvuta pumzi. Aliwaahidi wote kwamba kabla ya msimu wa trauti kufungwa atashika trauti mzima, kwa nzi aliyemfunga yeye kwa mkono wake, na atatuma video, na Kwamboka ataomba msamaha hadharani. Msimu unafunguliwa Aprili na unafungwa mwisho wa Septemba, samaki waachwe wazae kwa amani. Miezi yote hiyo, samaki mmoja tu, nani angeshindwa?

Basi ikawa kila Jumapili Peris akitoka zamu anashuka na treni ya Victoria mpaka Stockwell, anavuka upande wa pili wa jukwaa kuchukua treni ya Northern, anashuka Colliers Wood. Mzee anatoka Stanmore, mwisho kabisa wa reli, na begi lake na themosi yake. Wanakutana nyuma ya supamaketi kubwa. Ndiyo, nyuma ya supamaketi. Mto Wandle unapita hapo, kati ya maegesho ya magari na njia ya baiskeli, maji meupe yanayoonyesha kila jiwe, na troli za supamaketi zimelala chini kama ng'ombe waliokwenda kunywa wakafia hapo. Na kando ya troli, wamesimama kwenye mkondo, trauti. Peris alipoonyeshwa wa kwanza alichuchumaa ukingoni. Alidhani angekuwa mkubwa zaidi. Halafu samaki akageuka kidogo, jua likampiga ubavuni, na Peris akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa anaelewa wazimu wa wazungu.

Mzee Kuldip alimwapia Jaswinder kwamba hataingia majini na magoti yale, kwa hiyo alifundisha akiwa ukingoni. Alimwazima fimbo. Alimfanya anunue leseni. Alimfundisha kubana kile kimeno cha ndoano kwa koleo ili samaki asiumie, na kulowesha mikono kabla ya kumshika. Kurusha mshipi ndiyo ilikuwa vita. Peris alinasa miti, akanasa troli, akanasa kofia ya mwendesha baiskeli aliyesimama kutazama, naye akasema samahani, yeye aliyenaswa! Nani alisema mwanamke wa Kawangware hawezi kuvua trauti? Hakuna aliyesema, lakini Peris alikuwa ameshaandaa jibu.

Nyumbani Tottenham, Célestine alikuwa na maswali yake. Alipoambiwa Peris anakwenda mtoni, alinunua mafuta, akakata vitunguu, akakaa. Peris akarudi mikono mitupu. Jumapili ya pili vile vile. Akamweleza kwamba hata wakishikwa, samaki wa mto ule wanarudishwa majini, ni sheria ya pale. Célestine aliweka kisu chini taratibu.

"Unaamuka, unapanda treni mbili, unalowa miguu, unakamata samaki, na unamurudisha kwake?" akauliza.

"Ndiyo."

"Sasa huyo samaki alikukosea nini?"

Tangu siku hiyo akawa ananunua samaki aitwaye makrili sokoni na kumwekea Peris kwenye sahani bila neno, kwa huruma, kama mtu aliyefiwa.

Lakini mikono ilibaki mitupu kweli, hata ya kurudisha. Na si kwamba samaki hawakuwepo. Walikuja. Wale nzi wadogo wa nywele za sungura, ambao Peris aliwafunga usiku chumbani kwa vaisi aliyoiagiza mtandaoni, walishuka na maji vizuri kabisa, na trauti akainuka, akawakaribia, akatazama. Kisha akarudi chini. Mzee alipomwomba fimbo kidogo, akafunga kwenye mshipi nzi wake mkuukuu aliyenyonyoka, mwenye sura ya kitu kilichotolewa kwenye bomba la sinki, trauti akambugia mara moja. Mzee akamrudisha majini, akafuta mikono, na ndipo akaanza ule wimbo wake. Nzi yako mrembo zaidi, beti. Beti ni binti kwa lugha yao. Piga yeye kidogo na kiatu. Tafuna yeye. Mdudu ya mtoni hapana enda saluni.

Peris alisikia matusi. Kutafuna kazi yake? Kuvuta uzi aliobana mwenyewe? Mikono yake ilikuwa imefundishwa miaka hiyo yote kwamba unyoya mmoja ukisimama vibaya, unaenda mkebeni. Huwezi kuiambia mikono leo kwamba mkebe ndio ulikuwa sahihi. Akafunga wengine, safi zaidi. Vanishi zaidi. Trauti wakatazama zaidi.

Na grupu haikunyamaza. Mei waliuliza kwa upole. Julai walianza kumtumia picha za samaki wa kukaanga wakiuliza kama ndiye. Agosti Kwamboka akatuma sauti akisema asijali, atakaporudi nyumbani amletee nzi mmoja amfunge kwenye kitambaa cha kichwa, Krismasi inakuja. Peris alisikiliza hiyo sauti ndani ya basi, na dereva akamtazama kwenye kioo kwa namna alivyopumua.

Ndiyo maana siku hiyo ya mwisho, siku ya mwisho kabisa ya Septemba, kesho mto unafungwa, hakuwa na hali ya kuambiwa habari ya urembo. Alikwenda mwenyewe akanasua mshipi kwenye tawi. Nzi alikuwa mzima. Hata kwenye mti hakuchakaa, hiyo ndiyo kazi ya Peris.

"Rusha pale," mzee akamwelekeza kwa kidole. "Nyuma ya troli. Yeye iko."

Alikuwepo. Trauti mkubwa kuliko wote waliowaona mwaka huo, mrefu kama mkono wa Peris kutoka kiwiko mpaka vidole, amesimama nyuma ya gurudumu la troli, anayumbisha mkia. Peris alirusha, na safari hii kwa ustaarabu. Nzi akatua juu kidogo, akazama, akashuka na mkondo. Trauti akatoka kwenye kivuli chake. Akaja mpaka karibu. Peris alikuwa juu yake kabisa, maji meupe, jua la saa tisa, akamwona kwa macho yake mwenyewe: yule samaki alisimama mbele ya nzi, akamtazama upande huu, akarudi nyuma kidogo, akamtazama upande ule, halafu akageuka na kwenda zake.

Na Peris akamtambua. Ile ndiyo namna ya supavaiza. Ile ile. Kugeuza, kugeuza tena, kudondosha. Tofauti ni kwamba supavaiza alikuwa akitafuta unyoya uliosimama vibaya ili amtupe. Huyu alitafuta huo huo unyoya ili amle.

Alisimama pale maji yakiingia gambutini, na kitu kilichomjia kichwani hakikuwa mto wala mzee. Ilikuwa mkebe wa Blue Band. Umejaa. Umejaa vitu vyenye miguu huku na huku, vimevurugika, vibaya, vyote vinaonekana hai. Wadudu watupu. Kwamboka alikuwa amefunga wadudu muda wote ule, na wote mezani walikuwa wamefunga mapambo ya koti, na ni yeye ndiye aliyebebeshwa kiti.

"Mzee," akaita. "Angalia pembeni kidogo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nataka kufanya kitu na sitaki mtu aone."

Mzee, kwa heshima, akageuka kuangalia maegesho ya magari. Peris akamshika nzi. Akachomoa ufunguo wa nyumba, akamkwaruza mgongoni mpaka nywele za sungura zikasimama. Akamng'ata ubavuni kwa meno ya mbele, akavuta, akatema. Akakwangua ile vanishi ya kichwani aliyokuwa ameipaka jana kwa upendo. Moyo ulimuuma, tusidanganyane. Alipomaliza alimweka kwenye kiganja. Alikuwa na sura ya mtu aliyeshuka kwenye ngumi. Alikuwa Kwamboka mtupu.

Akamwambia mzee ashike simu, arekodi, abonyeze pale pekundu. Mzee akasema anajua simu. Hajui simu.

Akarusha. Nzi akazama nyuma ya troli, na trauti akatoka, na safari hii hakutazama upande wowote. Mshipi ukasimama kama umekanyagwa. Peris akainua fimbo, ikapinda mpaka akadhani imevunjika, na yule samaki akakimbia na mto wote. Alipita chini ya troli, akarudi, akaruka juu mara moja wakamwona mzima, tumbo la dhahabu na madoa mekundu, akaanguka kama tofali. Peris alikuwa akiongea lugha tatu. Mzee Kuldip, mwenye magoti mabovu, aliyeapa kwa Jaswinder, alikuwa ndani ya maji na viatu vyake vya kutembelea, wavu mkono mmoja, simu mkono mwingine, akimwamuru asivute, avute, asivute.

Wakamwingiza wavuni. Peris akalowesha mikono, akamshika chini ya maji. Alikuwa baridi, mzito, mapezi yakisukuma polepole kwenye vidole vyake kama anayepima nguvu zake. Na hapo kwenye kona ya mdomo, yule nzi. Uzi umelegea, manyoya yamesimama. Peris aliinama akamtazama kwa muda, halafu akamtoa kwa vidole viwili, kirahisi, kimeno hakipo. Akafungua mikono. Samaki alibaki pale kidogo, kama hajaelewa kwamba ameachiwa. Kisha hayupo.

Peris akaketi ukingoni. Mzee akamimina chai, nusu tu ikaenda kwenye kikombe. Walikaa wakicheka bila kuambiana sababu. Mzee akamwomba kwa unyenyekevu kwamba habari ya viatu isifike Stanmore, na Peris akamwambia hiyo itategemea video.

Video, sasa. Dakika ya kwanza ilikuwa tumbo la mzee. Iliyofuata ilikuwa mbingu, kasuku, kidole gumba, na sauti ya mzee ikisema kwa Kipunjabi mambo ambayo Jaswinder hapaswi kuyasikia. Lakini mwishoni, kwa bahati, simu ilipokaribia kuanguka majini, ilirekodi chini moja kwa moja. Samaki yupo. Mikono ya Peris ipo. Nzi yupo mdomoni, karibu kabisa, unaona kila unyoya.

Alituma akiwa jukwaani Stockwell, palipo na mtandao, miguu inachuruzika. Hakuandika kitu chini yake. Alifikiria kuandika kwamba ni nzi wake, kama alivyoahidi, maana ni kweli, alimfunga yeye. Kidole kikagoma. Treni ikaja, akaiacha. Grupu ikaanza kulia: vigelegele, vilio, mtu ameamsha mume wake, mtu anasema amemwonyesha supavaiza mwenyewe na supavaiza amevua miwani zote mbili. Meza nzima ilikuwa ikimwona trauti kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Kwamboka tu ndiye aliyekuwa kimya. Alama ilionyesha anarekodi, ikaacha, ikaonyesha tena.

Halafu sauti ikaja. Haikuwa ya kelele.

"Nimeikuza picha," Kwamboka akasema. "Uzi umezunguka kinyume, mkono ni wa Peris, hilo silikatai. Lakini ile fujo ni yangu. Peris, sema ukweli, si ile fujo ni yangu?"

Peris akabonyeza, akaongea hapo hapo jukwaani, watu wanapita. Alisema ndiyo. Alisema huyo samaki alikuja kwa nzi safi akamkataa mbele ya macho yake, akaja kwa Kwamboka akambugia. Alisema ile mikebe yote iliyomwagwa jalalani ingemaliza trauti wa Uingereza nzima. Na alisema habari ya kuomba msamaha hadharani imegeuka, kwa hiyo yeye ndiye anayeomba, kwa niaba ya meza.

Halafu Kwamboka alicheka, kile kicheko chake cha soko, akasema amesamehe, lakini huyo samaki kumwachia arudi majini, hilo hasamehe mpaka kufa. Baadaye mmoja wao alimwambia Peris faraghani kwamba Kwamboka alicheza ile video kwenye matatu, akaicheza kanisani, akamwonyesha mpaka muuza makaa, akisimamisha pale kwenye nzi na kuweka kidole: unaona hizi nywele? Hivi ndivyo mimi nafunga.

Peris alifika Tottenham akinuka mto. Célestine alikuwa amemwekea makrili. Akamwonyesha video, mama akaitazama mpaka mwisho, akauliza kama ni kweli aliachiwa huyu huyu, mnene hivi. Akatikisa kichwa, akaongeza makrili wa pili kwenye sahani. Usiku huo Peris alifunga nzi wa Aprili ijayo, akiwa amekunja ngumi ili mkono uwe mzito. Wa kwanza akatoka safi. Akamkasirikia. Akamtafuna.

Basi wewe unayesoma. Shati ulilovaa, kikapu ulichobeba, viatu, nzi wako kama unavua: kila kimoja kuna mtu alikitengeneza na hajawahi kukiona kikifanya kazi yake. Na mmoja wao unamjua. Shangazi yako yupo kwenye cherehani ya kiwanda, jirani yako wa zamani anafunga maua ya kupeleka nje. Toa simu, piga picha ukikitumia, mtumie. Usiseme bando imeisha. Tuma sasa hivi.